Kabla hujamsajili mchezaji "mwenye tabia"

Dirisha la usajili likifunguliwa, kila mjumbe wa kamati anageuka msaka vipaji. Kabla hujatoa hata shilingi, pitia haya.

Karatasi kwanza: cheti cha kuzaliwa na barua ya kuachiwa. Akiwa chini ya miaka 18, mzazi asaini mbele yako na mkataba usizidi miaka mitatu. Hiyo ya miaka mitatu ni kanuni ya FIFA, si ombi.

Daktari apime magoti yote mawili, si lile tu analolionyesha mwenyewe.

Pesa ya usajili usiitoe yote siku ya kusaini. Aliyewahi kupiga simu akaambiwa "haipatikani kwa sasa" ananielewa.

Sasa tabia. Hapa ndipo nilipoungulia.

Nilikuwa kwenye kamati ya timu moja ya daraja la pili, tunatafuta kiungo mkabaji. Tukampata kijana wa miaka 22, anakaba bila rafu, mpira ukimfika unatulia. Mwenyekiti akapiga simu kwenye klabu yake. Jibu likaja kwa mkato: "Huyo mtovu wa nidhamu." Hakuna aliyeuliza kafanya nini. Chai haijapoa, jina limeshakatwa. Tukachukua mwingine, mpole, shikamoo mpaka kwa mkata nyasi. Kukaba hajui. Yule tuliyemkata akaenda kwa jirani zetu, na mechi ya mwisho wakatufunga 1-0. Wao wakapanda, sisi tukabaki.

Miezi kadhaa baadaye nikakutana na mtunza vifaa wa ile klabu yake ya zamani, kachuchumaa kwenye beseni anafua jezi. Nikamuuliza habari za yule kijana. Akacheka, mikono bado iko kwenye povu.

"Nidhamu gani, kaka? Aligoma kupanda basi. Tulikuwa na miezi mitatu hatujalipwa, akakalia begi lake pale getini, akasema haondoki mtu mpaka walipwe wote. Mimi changu nilikipata jioni ile ile."

Kwa hiyo usimuulize kiongozi anayedaiwa mshahara. Muulize mtunza vifaa, mama ntilie anayewakopesha wali, na mwenye nyumba. Swali ni moja: alifanya nini, lini, na alimfanyia nani? Asiyeweza kukutajia tukio anakupa umbea.

Ila ukiambiwa kampiga mtu, usimweke kapu moja na mchelewaji wa mazoezi. Mwaka 1996, kwenye drafti ya NFL kule Marekani, yaani pale timu za ligi ya futiboli ya Kimarekani zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, timu ya St. Louis Rams walimchukua Lawrence Phillips kwa chaguo la 6, wakati mwaka uliotangulia chuo cha Nebraska kilikuwa kimemsimamisha kwa kumshambulia msichana aliyewahi kuwa mpenzi wake. Wakati huo huo wakamwachia Jerome Bettis, wa nafasi ile ile, aende Pittsburgh. Novemba 1997 Phillips akatemwa. Bettis leo yumo kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Ukipima hatari, hesabu na yule unayemwacha aondoke.

Miaka miwili baada ya drafti hiyo, Randy Moss, mwenye kesi ya kupigana tangu sekondari na aliyekutwa na bangi, aliachwa mpaka chaguo la 21. Minnesota Vikings wakamchukua, akafunga tachidauni 17, ndiyo mabao ya mchezo huo, msimu wake wa kwanza. Bahati ilikuwepo, sikatai. Lakini pale alimkuta Cris Carter, wa nafasi moja naye, ambaye mwaka 1990 timu ya Philadelphia walimwacha kwa sababu ya ulevi na dawa za kulevya, akajirekebisha. Basi kabla hujamchukua kijana msumbufu, nitajie kwa jina mchezaji wako atakayelala naye chumba kimoja safarini. Kama huna, mwache.

Mengine ni ya kawaida. Hakikisha simu anayokupa ni yake, si ya mjomba. Ongea na mama yake. Masharti ya nidhamu yaandikwe kwa Kiswahili anachokielewa, na ya kwako ya kulipa kwa wakati yaandikwe pia. Usisaini usiku. Usisaini kwenye gari. Na wakala akikwambia kuna timu nyingine iko njiani inakuja, mwambie iendelee kuja.