Matairi ya masika: soma ubavu kabla hujauliza bei

Nabeba dagaa kutoka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenda Magu, mara tatu kwa wiki, kwa Noah niliyoitoa viti vya nyuma. Aprili ya mwaka juzi mvua ilinikuta Nyakato, ile inayopanda kutoka ziwani ikiwa nyeusi mpaka waipa zinazidiwa. Bajaji ikasimama ghafla mbele yangu. Nikakanyaga breki, gari likateleza kama sabuni kwenye beseni, likaja kusimama limebakiza kiganja tu.

Kilichoniuma ni kwamba matairi yangu yalikuwa na kashata, yale meno ya raba yanayogusa barabara, nene kabisa. Yalikuja na gari kutoka Japani, na aliyeniuzia aliyasifia: orijino, utayachoka mwenyewe. Fundi wangu wa Mabatini akapiga magoti, akapangusa tope ubavuni, akaniambia nisome. STUDLESS.

"Mama, haya ni ya theluji. Hapa Mwanza theluji uliiona lini?"

Raba ya tairi la theluji ni laini makusudi, isikakamae kwenye baridi kali, na kashata zake zimechanjwachanjwa vimstari vyembamba. Kwenye lami yetu yenye joto, ukifunga breki, vile vipande vinayumba badala ya kung'ata, na tairi linalika upesi. Kwa hiyo ukiona neno hilo, au mchoro wa mlima wenye kinyota cha theluji ndani yake, mrudishie muuzaji. M+S (matope na theluji) peke yake isikutishe, matairi mengi ya magari ya porini yanaandikwa hivyo.

Ukiwa bado umeinama, tafuta tarakimu nne za mwisho ndani ya kiduara kirefu kilicho ubavuni. Yangu yalisomeka 1114: yalitengenezwa wiki ya 11, mwaka 2014. Kumbe nilikuwa natembelea vizee! Raba ikizeeka inakauka, na iliyokauka haishiki lami iliyolowa hata kama kashata zimejaa. Mimi tairi lililopita miaka mitano silinunui, hata kama halijawahi kugusa barabara. Tarakimu mara nyingi huwekwa upande mmoja tu, usione haya kumwambia muuzaji aligeuze.

Kisha kina. Tairi jipya la gari dogo lina kama milimita 8. Ndani ya mifereji iliyo kati ya kashata kuna vinundu vidogo vya kuonyesha tairi limelika; herufi TWI kwenye ukingo wa tairi zinakuelekeza vilipo. Kashata zikilingana navyo zimebaki milimita 1.6, na hapo kwa mvua umeshachelewa sana. Badilisha zikifika 3. Huna kipimo? Chomeka njiti ya kiberiti mferejini, weka alama kwa ukucha, pima kwa rula ya mtoto wa shule.

Mifereji mipana inayozunguka tairi zima ndiyo njia ya maji. Yakikosa pa kutokea, gari linaelea juu yake na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Likikupata hilo, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, usifunge breki. Ndiyo maana sikubaliani na vijana wanaofunga matairi mapana ili gari lipendeze. Pana linaelea mapema. Fuata saizi ya kwenye stika ya mlango wa dereva. Yangu ni 195/65R15, basi.

Ukinunua mawili tu, yafungwe nyuma. Nilibishana na fundi wangu hapa, yeye alitaka mbele kwa kuwa ndiko injini inakovuta. Lakini mbele ikiteleza unaihisi kwenye usukani na unapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari linageuka, wewe na dagaa wako mnatazama mlikotoka.

Yakishafungwa, zunguka gari kabla hujalipa. Kama tairi lina mshale wa ROTATION, lazima uelekee mbele. Kama limeandikwa OUTSIDE, neno hilo lisomeke ukiwa umesimama nje. Mimi moja lilifungwa kinyume, nikaligundua nikiwa tayari njiani, Kisesa.

Upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo cha stika ileile. Tairi lenye upepo mdogo linaelea kwa mwendo mdogo zaidi.

Yale manne ya theluji kuna kijana alikuja kuyaulizia. Nilimkatalia. Mawili yana mchicha uani, mawili wanangu wanayasukuma kwa fimbo.