Kuziba upya viungo vya ukuta wa mawe katika kanisa la kale la kijijini Wales

Makanisa madogo ya Wakristo waliojitenga na Kanisa la Uingereza, kama Maesyronnen huko Powys (mwishoni mwa karne ya 17), yalijengwa kwa mawe na chokaa. Unyevu wa ukuta hutoka nje kupitia viungo, yaani nafasi zilizo kati ya mawe. Ukiviziba kwa saruji, maji hunaswa ndani, baridi huyagandisha, na uso wa jiwe humeguka. Saruji isiguse ukuta huu kabisa.

Toa saruji ya zamani kwa tindo na nyundo, polepole; mashine ya kukatia huharibu kingo za mawe, na kingo hazirudi. Chimba kina mara mbili ya upana wa kiungo, kisipungue milimita 25. Safisha vumbi, kisha lowesha ukuta vizuri. Kiungo kikavu hunyonya maji ya chokaa, na chokaa hubaki unga.

Changanya sehemu 1 ya chokaa asilia inayokaza kwa maji, daraja la 3.5 (la 2 kwa jiwe laini), na sehemu 2.5 za mchanga safi wenye chenga kubwa na ndogo. Mwanya mpana utangulizie vijiwe. Shindilia kutoka ndani kuja nje, bila kupaka uso wa jiwe.

Chokaa ikikaza kiasi kwamba kidole gumba hakizami, igonge kwa ncha za brashi ngumu. Funika kwa magunia mabichi siku 7 hivi. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, usianze.