Ukuta unalia maji? Weka rola chini kwanza

Kama uko Nairobi na mvua ya Aprili imekuchorea ramani ukutani, najua saa hii unataka kukimbia hadwea ununue rangi. Tulia kwanza. Mimi nilipaka ukuta wa bedrumu yetu huku Umoja mara mbili, mara ya kwanza na emalshoni, ile rangi ya maji, ya pili nikajiona mjanja nikapaka ile ya mafuta ati maji hayatapita, wiki tatu hivi ukuta ukafura malengelenge kama mkono ulioshika sufuria ya moto. Nikafinya moja na kidole, maji yakanitiririka hadi kwa kiwiko. Mama watoto alikuwa mlangoni ananiangalia tu, hasemi kitu, na hiyo ndio mbaya zaidi.

Kwa hivyo tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Chukua karatasi ya mkate (tangu juala zipigwe marufuku 2017 hiyo ndio nailoni imebaki kwa nyumba), ikate iwe bapa, ibandike ukutani na selotepu pande zote nne, uiache siku mbili. Ikilowa upande ule umegusa ukuta, maji yako ndani ya ukuta. Ikilowa upande wa nje, huo ni mvuke wenu wenyewe, mnapika na kuanika nguo ndani na madirisha yamefungwa, sasa hapo rangi ina makosa gani?

Kama ni ya ndani, funga mifereji yote na valvu ya tangi pia, halafu uchungulie mita. Ikizunguka na hakuna mtu anatumia maji, kuna paipu inavuja mahali. Fanya hii siku ambayo maji yako lakini, siku ya mgao mita imelala tu, itakudanganya. Na ikiwa ni paipu ndani ya ukuta ita plamba bana, usianze kupasua simiti na nyundo.

Yangu haikuzunguka. Basi nikashuku bafu, maana iko nyuma ya huo ukuta. Siku nne hatukufungua shawa, tukaoga na karai kule chooni, watoto wakinung'unika kama wako bodingi, na lile doa likaanza kufifia kutoka kingo kuingia katikati. Kumbe ni grauti, ile simiti inaziba nafasi kati ya tailsi, ilikuwa imepasuka laini hivi kama unywele, huioni mpaka upitishe kucha. Nikaikwangua na kisu kizee, nikajaza mpya, pale kwa kona nikaweka silikoni, halafu masaa 24 hakuna kuoga.

Sasa ukuta. Ukiwa na soketi karibu zima umeme kwa meni swichi kabla ya kushika skrepa, ukuta uliolowa na stima si marafiki. Kwangua yote iliyofura hadi ufike plasta. Utapata unga mweupe, hiyo ni chumvi imetoka kwa simiti na mchanga ikifuata maji. Usiioshe, itayeyuka irudi ndani, ipanguse na brashi kavu na ufunge pua na kitambaa. Halafu ngoja. Yangu ilichukua wiki tano kukauka, dirisha wazi, kitanda katikati ya chumba, kila mgeni akiuliza kama tunahama.

Ikishakauka kazi iliyobaki ni rahisi: skimu na fila (ile ya kujaza na kulainisha ukuta), piga msasa, andakoti (rangi ya chini ya kutangulia), koti mbili za emalshoni ukiacha ya kwanza ikauke. Ile ya mafuta wachana nayo, inafungia unyevu ndani. Na usinunue ndoo ya lita 20 juu bei ya lita inaonekana poa. Lita moja inafunika kama mita 10 za mraba kwa koti, ukuta wa mita 3 kwa 2.5 ni 7.5 tu, kwa hivyo mkebe wa lita nne unatosha na inabaki.

Hiyo inayobaki funga kifuniko vizuri na uandike namba ya rangi kwa mkebe na maka. Mimi sikuandika, na sasa kuna kiraka nyuma ya kabati chenye rangi yake peke yake.