Kupunguza umeme unaoliwa na TV ya volti 12: hatua kwa fundi wa sola

Masika yakishika Tukuyu, jua linaweza kujificha kutwa nzima. Paneli iliyotosha mwezi wa tisa haitoshi tena, na mwenye kibanda umiza anaona TV inazimika kipindi cha pili hakijaisha. Wengi humwambia aongeze betri. Mimi nasema ifungueni TV kwanza. Betri ni hela nyingi kwa mtu anayetoza watazamaji shilingi mia mbili mia tatu, na ndani ya TV yake kuna umeme unaopotea usiku kucha.

Naongelea TV za LCD zenye taa za LED, zinazokula 12V moja kwa moja kutoka kwenye betri. TV ya kuchomeka kwenye umeme wa TANESCO ina kapasita inayobaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Hiyo usiifungue kwa kufuata maelezo haya.

Kabla ya kushika bisibisi

Kioo cha LCD hakitoi mwanga. Kazi yake ni kuziba na kuachia mwanga wa taa zilizo nyuma yake, yaani bakilaiti, na hizo ndizo zinazokula sehemu kubwa ya umeme. Picha iwe ya usiku wa giza au ya uwanja wenye jua kali, taa zinakula kilekile, isipokuwa kama TV yenyewe ina mfumo wa kuzipunguza. Ndiyo maana kushusha Brightness kwenye menyu mara nyingi hakuokoi kitu: picha inakuwa nyeusi, taa ziko palepale. Tafuta Backlight. Ukiipata, ishushe na upime. Huenda kazi ikaishia hapo.

Hatua ya 1: Pima

Weka mita kwenye 10A, uipitishe katikati ya waya chanya unaotoka kwenye betri. Zidisha ampea kwa volti. Tuseme umesoma 2A kwenye 12V: hizo ni wati 24, na kwa saa nne za jioni ni wati-saa 96. Andika. Bila namba hii hutajua umeokoa nini, na mteja hana sababu ya kukuamini.

Hatua ya 2: Tafuta rezista inayopima mkondo

Hapa ndipo penye kazi yote. Draiva ya bakilaiti, yaani saketi inayolisha taa, inachukua 12V na kuzipandisha hadi zitoshe mnyororo mzima wa LED. Volti hizo hazikupangwa na mtu. Draiva inachungulia rezista ndogo iliyo mwisho wa mnyororo, na inapandisha volti mpaka mkondo unaopita hapo ufike kiwango chake. Kwa hiyo ukiongeza omu za rezista hiyo, mkondo unashuka na volti zinajishusha zenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo, usipunguze volti za kuingia kwa kufunga dayodi au rezista kwenye waya wa betri. Draiva itavuta ampea nyingi zaidi kufidia, na utakuwa umetengeneza joto tu. Volti za kioo chenyewe nazo ziache. Ukizichezea, picha inaharibika.

Zima TV, chomoa betri, subiri kidogo. Anza kwenye tundu la taa, upande wa hasi, ufuate njia ya shaba hadi kwenye rezista mbili au tatu zilizopangwa sambamba kwenda graundi. Angalia vizuri: chini ya mosfeti (swichi ya kielektroniki) ya draiva kuna rezista nyingine zinazofanana nazo, za kulinda mosfeti. Hizo usiziguse. Na kamwe usiwashe TV huku taa zimechomolewa, maana volti za kutoka zinaweza kuruka juu sana.

Hatua ya 3: Toa moja

Mfano: rezista tatu za omu 3 zikiwa sambamba ni omu 1. Kama draiva inalenga volti 0.3, mkondo ni miliampea 300. Toa moja, ukinzani unakuwa omu 1.5, mkondo unashuka hadi 200. Theluthi nzima imeondoka, lakini jicho haliioni kama theluthi, hasa chumba kikiwa na giza. Tena LED iliyopumzishwa hivyo hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati na haichemki, kwa hiyo inadumu. Wateja wa Usangu, kwenye joto, wananufaika na hili kuliko wa Makete.

Hatua ya 4: Ifanye ijirekebishe

Mchana, mlango ukiwa wazi, picha iliyopunguzwa inafifia. Basi usiitupe rezista uliyoitoa. Irudishe mahali pake kupitia mosfeti ndogo inayofunguka, yaani kupitisha umeme, kwa volti chache, kama AO3400: mguu wa sosi kwenye graundi, wa dreni kwenye rezista. Mguu wa tatu, geti, upate umeme wa 5V kutoka tundu la USB kupitia rezista ya mwanga, LDR, na kati ya geti na graundi weka volyumu (rezista ya kuzungusha) ndogo ya 50k. Mwanga ukiwa mwingi, mosfeti inafunguka na taa zinapata mkondo wote. Giza likiingia, inafunga.

Ongeza kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya geti na graundi, ili mtu akipita mbele taa zisicheze. LDR iangalie chumba, isione kioo cha TV wala balbu ya karibu. Ikiona kioo, TV itaanza kujiongoza kwa mwanga wake yenyewe na picha itapandapanda na kushuka.

Hatua ya 5: Rekebisha jioni, mteja akiwepo

Zungusha volyumu mpaka taa zipungue pale chumba kinapoanza kuwa giza. Kisha rudia kipimo cha kwanza, mita ikiwa palepale, na umwonyeshe mteja namba zote mbili. Akisema picha ni hafifu, usibishane naye: weka rezista ya omu kubwa zaidi sambamba na zile mbili zilizobaki, ili mkondo wa usiku upande kidogo, halafu upime tena.