Majivu ya makaa ya mawe kwenye zege: pima dawa kabla ya kumwaga

Mafundi wenzangu wa Tabora, majivu ninayozungumzia, ya kutia kwenye zege badala ya sehemu ya saruji, ni yale laini yanayonaswa kwenye moshi wa mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe. Majivu ya kuni za mabani ya tumbaku au ya mkaa wa jikoni ni kitu kingine. Usiyatie kwenye nguzo ya mtu.

1. Soma mfuko wa saruji. CEM I, yaani saruji karibu tupu isiyochanganywa, inapokea majivu vizuri. CEM IV imeshawekewa pozolana nyingi kiwandani (unga wa majivu ya volkano au wa aina hiyo), iache ilivyo.

2. Dai cheti cha shehena. Angalia asilimia inayopotea majivu yakichomwa; kiwango cha Marekani, ASTM C618, kinataka isizidi 6. Kinachopotea hapo hasa ni kaboni ambayo haikuungua, nayo ndiyo inayonyonya dawa za zege (kemikali zinazotiwa kwenye mchanganyiko), dawa ya kuingiza hewa, ile inayotengeneza viputo vidogo ndani ya zege, kuliko zote.

3. Pima povu. Hatua hii nakuomba usiiruke. Chukua chupa mbili safi zenye vifuniko: moja gramu 20 za saruji, nyingine gramu 16 za saruji na 4 za majivu. Tia mililita 50 za maji kila moja, tikisa kwa nguvu. Kisha dondoshea dawa ya hewa uliyoizimua, tone moja moja, ukitikisa kila mara. Mwanzoni mapovu yanapasuka papo hapo. Endelea mpaka povu lifunike maji yote na kudumu sekunde 45. Hesabu matone ya kila chupa. Yakizidi sana upande wa majivu, kaboni inakula dawa yako. Shehena mpya, hasa iliyo nyeusi zaidi, ipime upya.

4. Changanya zege kidogo la majaribio: badala ya saruji kilo 50, saruji 40 na majivu 10. Chembe za majivu ni za mviringo na zinateleza, kwa hiyo anza na maji pungufu. Dawa ya kulainisha ipigie hesabu kwa uzito wa saruji na majivu kwa pamoja. Pima slampu (ulaini wa zege bichi) mara moja, na tena baada ya nusu saa.

Joto la Oktoba hutushawishi kuongeza dawa ya kuchelewesha. Angalia sana: majivu nayo yanachelewesha zege kushika, na vikikutana unaweza kukuta asubuhi zege bado bichi.

5. Funika kwa magunia na mwagilia siku 14, mbao usiharakishe kuzitoa. Kyubu (vipande vya zege vya kupimia nguvu) zivunjwe siku ya 28 na ya 56, maana nguvu ya majivu huja polepole.