Unataka kutabiri soko la mazao serikalini? Anza na mizania, modeli baadaye

Kama ndo umepangiwa kitengo cha kutabiri soko la mazao wizarani, au unajiandaa na usaili wa hiyo kazi, usianze na modeli. Najua chuoni tumesoma ekonometriksi (takwimu za uchumi) na mikono inawasha kukimbiza rigresheni, yaani fomula za kutabiri namba moja kwa kutumia nyingine, ila msingi wa kazi hii ni mizania, yaani hesabu za ghala: kila tani iliyoingia lazima ionekane imeenda wapi. Ukishindwa hapo hata modeli iwe nzuri vipi itakudanganya tu.

Fungua spredishiti, chukua zao moja na mwaka mmoja wa soko. Mwaka wa soko sio lazima uanze Januari, unaanza pale mavuno mapya yanapoingia, kwa mfano Marekani ngano inaanza Juni 1 na mahindi na soya Septemba 1. Ukijumlisha nchi mbalimbali bila kuliangalia hili utahesabu mzigo uleule mara mbili, na ni kosa linalosumbua sana watu wapya kwa sababu jumla kwa macho inaonekana iko sawa kabisa.

Sasa tuseme nchi ina akiba ya mwanzo tani milioni 2, itavuna milioni 10 na kuagiza milioni 1, jumla 13. Watu wanakula 5, mifugo 3, mbegu na upotevu 0.5, zinazouzwa nje 2.5, jumla ya matumizi 11. Inabaki akiba ya mwisho milioni 2. Gawa akiba kwa matumizi unapata kama asilimia 18, na hiyo asilimia ndo namba ya kuiangalia kuliko zote, maana bei inaifuata hiyo kuliko inavyofuata ukubwa wa mavuno peke yake.

Ukame ukaja, mavuno yakawa 8.5. Mtu mgeni anakata 1.5 yote kwenye akiba, inabaki 0.5, anafunga faili anaenda nyumbani. Haiwezekani! Mzigo ulioko barabarani, viwandani na bandarini peke yake unahitaji karibu kiasi hicho ili mnyororo usikatike. Kabla akiba haijafika huko bei itapanda, na bei ikipanda kuna watu wataachia, yaani watapunguza kununua, kwa hiyo kazi yako ni kusema ni nani ataachia na ataachia kiasi gani. Mara nyingi wa kwanza ni mnunuzi wa nje kwa sababu anaweza kwenda kwa muuzaji mwingine, halafu mfugaji anabadilisha chakula au anapunguza mifugo, wa mwisho ni mlaji wa kawaida maana watu hawaachi kula. Basi weka mauzo ya nje 2.2, mifugo 2.8, chakula bakiza 5, uagizaji upandishe hadi 1.2, sasa akiba ya mwisho inakuwa 1.2 na uwiano ni kama asilimia 11. Ukishafika hapo ndo unarudi kwenye historia: miaka ya nyuma uwiano ulipokuwa hapo bei ilikuwaje? Hapo sasa modeli ina kazi.

Kwenye uzalishaji tenganisha vitu viwili, eneo na mavuno kwa ekari, na eneo lenyewe usichanganye lililopandwa na litakalovunwa. Mwanzo wa msimu mavuno kwa ekari unayachukua kwenye mwenendo wa miaka ya nyuma ukidhani hali ya hewa itakuwa ya kawaida, halafu mvua, joto na picha za satelaiti vinakurekebisha. Na ukirekebisha usiwe na woga. 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, mwezi Juni ilikuwa bado na busheli (kipimo chao cha nafaka) 166 za mahindi kwa ekari, Julai ikashusha hadi 146, Agosti ikawa 123.4 maana ukame ulikuwa umeshakaa na wakati huo walikuwa na vipimo vya shambani na majibu ya wakulima. Kushusha namba kiasi hicho mbele ya soko zima kunahitaji moyo, ila kushusha kidogo kidogo ili usionekane umekurupuka ni kuwaumiza watu wanaopanga kununua chakula kwa kufuata namba zako.

Kuna mstari mmoja utakaokutesa, matumizi ya mifugo. Hakuna anayesimama kila banda kupima, kwa hiyo kwa kawaida yanapatikana kwa kutoa: akiba iliyopimwa robo mwaka iliyopita, jumlisha kilichovunwa na kilichoagizwa tangu hapo, toa akiba ya sasa, toa yale unayoyajua, kinachobaki unakiita mifugo na masalio. Maana yake makosa yote ya mavuno na ya akiba yanajificha humo. Ukiona mifugo wamekula ghafla kuliko kawaida na idadi yao haijaongezeka, usihangaike na mifugo, kaangalie upya makadirio ya mavuno.

Namba usiipitishe peke yako pia. USDA kabla ya ripoti yao ya kila mwezi ya WASDE, yenye makadirio ya ugavi na mahitaji ya mazao duniani, kila zao lina kamati, wanakaa wachumi wa idara tofauti, mmoja anajua biashara ya nje, mwingine sera, mwingine hali ya hewa, wanabishana mstari kwa mstari mpaka wakubaliane. Siku ya kutoa wanafungiwa ndani, simu hakuna, mapazia yamefungwa, mpaka saa sita mchana ya Washington. Mapazia yana historia yake, 1905 mtumishi mmoja wa wizara alikuwa anavujisha makadirio ya pamba kwa walanguzi kwa kupandisha na kushusha pazia la dirisha. Hata kama ofisi yenu ni ndogo wekeni tarehe ya kutoa inayojulikana mapema, wote wapate kwa dakika moja, na shemeji yako mfanyabiashara asijue chochote kabla.

Presha itakuja tu. Mkulima anataka useme bei itapanda, mwenye kiwanda anataka useme itashuka, mkubwa anataka isimharibie wiki. 1927 USDA ilisema bei ya pamba itashuka, ikashuka kweli, na hasira za wanasiasa zikazaa sheria ya kukataza utabiri wa bei ya pamba, sheria iliyokaa mpaka 2008. Kinga yako ni maandishi: kila namba uliyobadilisha andika pembeni sababu, chanzo na tarehe. Akija mtu kutaka uipandishe mwambie akuonyeshe ni mstari gani wa mizania anaoupinga na ana data gani, akiwa nayo badilisha, na sababu yake uiandike palepale.

Halafu tunza kila utabiri uliowahi kutoa, usifute wa zamani ukiweka mpya. Msimu ukiisha pima umekosea kwa kiasi gani mwezi kwa mwezi, angalia pia kama unakosea upande uleule kila mara, na hicho kipimo ndo kikupe upana wa kuweka kwenye bei, maana bei ya msimu ambao hata mbegu hazijapandwa inatakiwa itoke kama kiwango cha chini na cha juu, na upana upungue kadri mavuno yanavyokaribia.