Kabla hujagusa mkasi, chukua rula

Kwa mnaoshona nyumbani mavazi ya wahusika wa filamu: simamisha filamu pale mhusika anapoonekana mzima, wima, amekabili kamera. Pima kwa rula juu ya skrini. Tuseme yeye pale ana sentimita 16 na wewe una 160. Basi kila sentimita 1 ya skrini ni 10 zako, na mkanda wa milimita 6 utakuwa sentimita 6 kiunoni. Mimi nilikisia kwa macho, koti langu la kwanza likatoka na kola kama masikio ya tembo.

Vipimo vikishapatikana, shona kwanza vazi la majaribio kwa marekani (kitambaa cha pamba cha kawaida) au shuka kuukuu la mtumba.

Rangi ndiyo yenye hila. Filamu nyingi hurekebishwa rangi baada ya kupigwa, kwa hiyo wekundu unaouona kwenye simu huenda sio wa kitambaa chenyewe. Tafuta picha za vazi hilo likiwa kwenye maonyesho, na ukifika sokoni Mtwara mwombe muuzaji usogeze jora nje, juani. Taa za dukani zimeshanitia hasara mara mbili. Pamba ifue kabla ya kukata, maana hunywea.

Bitana tia ya pamba nyepesi hata kama ya kwenye filamu ni satini. Haionekani, na joto la Desemba huku kwetu si la kuvalia satini.